Maswali ya Wasomaji: Mawe ya shambani yalipelekwa wapi?

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: mawe shambani, na jinsi watu wa zamani walivyoyatoa. Tumechagua chache zenye kujengana, jibu la moja likisaidia la inayofuata.

Kuta katikati ya msitu

*Ndugu Mhariri, naishi Lowell, Massachusetts, hapa Marekani. Kila nikitembea msituni nakuta kuta za mawe, fupi, za kufika mapajani, zinakatiza kati ya miti mikubwa na wala hazizungushi kitu. Nani alihangaika kujenga ukuta msituni? (Msomaji, Lowell)*

Ukuta haukujengwa msituni, ndugu yetu. Ulijengwa pembeni mwa shamba, na msitu ukaja baada ya mkulima kuondoka.

Eneo lote la New England, yaani majimbo ya Maine, New Hampshire, Vermont, Massachusetts, Rhode Island na Connecticut, lilifunikwa na bamba nene la barafu ambalo liliyeyuka miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Barafu hiyo ilikuwa imekwangua miamba ikisogea, na ilipoyeyuka iliacha mchanganyiko wa mfinyanzi, mchanga na mawe ya kila ukubwa, kuanzia kokoto hadi jiwe la ukubwa wa nyumba. Walowezi wa Kiingereza waliotua Plymouth mwaka 1620, na watoto wao, hawakuyaona mawe hayo kwa wingi, kwa sababu udongo wa majani yaliyooza ulikuwa umeyafunika. Uzio wao wa kwanza ulikuwa wa miti. Walipofyeka misitu na kulima mfululizo, udongo wa juu ukapungua, ardhi ikabaki wazi kwa baridi, mawe yakaanza kutokea. Miti ya uzio ikaadimika wakati huohuo mawe yakizidi. Sehemu kubwa ya kuta unazoziona ilijengwa kati ya vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1775 na miaka ya 1820 na kitu.

Kisha mwaka 1825 Mfereji wa Erie, njia ya maji iliyochimbwa kwa ajili ya majahazi, ukafunguliwa, nafaka ya magharibi ikawa inafika mashariki kwa bei nafuu, nayo ilitoka kwenye udongo mzito usio na mawe. Vijana wakahama. Mji wako una mkono humo: viwanda vya nguo vya Lowell, vilivyoanza miaka hiyohiyo ya 1820, viliajiri mabinti waliotoka kwenye mashamba ya mawe. Shamba likiachwa kule huota msonobari ndani ya miaka michache.

Kiasi cha kazi yenyewe kinatisha. Mwaka 1939 mhandisi wa migodi Oliver Bowles alitumia takwimu za uzio zilizokusanywa na serikali mwaka 1871, akakadiria kuwa kuta za mawe za upande huo wa nchi zilizidi maili 240,000, karibu kilomita 386,000. Umbali wa kutoka duniani hadi mwezini ni kama kilomita 384,000.

Ukienda tena, inama uangalie mawe yenyewe. Ukuta wenye mawe mengi madogo, ya ukubwa wa ngumi, unakuambia kuwa upande mmojawapo ulilimwa kwa plau mwaka hadi mwaka, kwa maana hakuna anayebeba mawe ya ngumi kutoka malishoni. Ukuta wa mawe makubwa matupu kwa kawaida ulizunguka malisho au majani ya kukata. Linganisha pia ardhi ya pande mbili za ukuta unaokatiza mteremko: mara nyingi upande wa juu umeinuka, kwa sababu udongo uliolegezwa na plau uliteremka ukakwama hapo.

Je, mawe huota?

*Wahariri, babu yangu hapa Njombe anasema mawe huota kama magimbi. Ukitoa leo, mwakani yapo. Ni kweli au ni maneno ya wazee? (Msomaji, Njombe)*

Babu ameona sawasawa. Jiwe halikui, lakini linapanda, na sababu zinatofautiana na mahali.

Katika nchi za baridi kali, kazi hiyo hufanywa na barafu ya ardhini. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na zaidi ya hapo, udongo unaoganda huvuta maji mengine kutoka chini na kutengeneza tabaka za barafu zinazoinua ardhi. Jiwe hupitisha joto haraka kuliko udongo, kwa hiyo chini yake huganda mapema. Barafu inalisukuma juu, na pengo linalobaki chini hujazwa na chembe za udongo barafu inapoyeyuka. Jiwe haliwezi kurudi. Kila mwaka linapanda kidogo, hadi siku moja linagonga plau. Huko Massachusetts baridi hiyo huingia chini kiasi kwamba msingi wa nyumba huchimbwa futi 4, yaani mita 1.2, ili ukwepe kuinuliwa. Ndiyo maana mashamba ya kule yalisafishwa kila masika bila kuisha.

Njombe mna sakitu, lakini hiyo huganda juujuu usiku na kuyeyuka asubuhi, haina nguvu ya kuinua jiwe lililo chini. Kwetu mtu angelazimika kupanda Kilimanjaro au Mlima Kenya, juu ya mita 4,000, ili aone udongo unaoganda kila usiku ukiyapanga mawe madogo kwa mistari kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Kwenye shamba la babu sababu kubwa ni mmomonyoko: mvua inachukua udongo na kuacha mawe, kwa hiyo ni uso wa shamba unaoshuka kulifuata jiwe. Mawe yakizidi kuonekana kila mwaka mahali pa mteremko, msishughulike na mawe kwanza, shughulikeni na udongo unaoondoka. Sababu ya pili ni jembe au plau kufika chini kuliko zamani. Na penye udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, mwendo huo wa kuvimba na kusinyaa nao husukuma mawe juu.

Mchwa hufanya kinyume. Hupandisha chembe laini tu, na kwa karne nyingi mawe huzama yakawa tabaka moja chini. Ukichimba choo ukakuta mstari wa kokoto kwa kina cha mita moja hivi, inawezekana ni kazi yao.

Bila mashine waliwezaje?

*Jiwe la kipenyo cha mita moja linanishinda hata kulitingisha. Hao wa zamani walitumia nini? (Mkulima, Mbulu)*

Anza na uzito. Mawe magumu kama itale yana uzito wa karibu tani 2.65 kwa mita moja ya ujazo. Jiwe la duara lenye ukubwa wa mpira wa miguu lina kilo 15. La kipenyo cha nusu mita lina kilo 170 na ushee. La mita moja ni karibu tani 1.4. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara nane, na hapa ndipo watu wanapojidanganya kwa macho na kuumia mgongo.

Chombo cha kwanza kilikuwa mtaimbo. Chukua mtaimbo wa mita 1.5, ingiza ncha chini ya jiwe, weka jiwe dogo gumu au kipande cha gogo kama egemeo, sentimita 15 kutoka kwenye ncha. Upande wako unabaki na sentimita 135, mara tisa ya upande wa jiwe. Ukibonyeza kwa nguvu ya kilo 40, unainua kilo 360. Egemeo likisogea hadi sentimita 30, wenzo unabaki mara nne tu. Wengi wanaosema mtaimbo haufai wameweka egemeo mbali, au wameliweka kwenye udongo laini likazama.

Kabla ya mtaimbo, chimba kuzunguka jiwe lote mpaka uone linapoanza kupungua kuelekea chini. Usichimbe upande mmoja peke yake ukaingia humo. Upande wa kutokea uchongwe kama njia ya kupandia, mteremko wa taratibu. Kisha inua kidogo, sentimita 3 au 5, na mwenzako asukumie mawe madogo chini kwa kijiti, asitumie mkono. Hamia upande wa pili, inua, jaza. Jiwe linapanda shimoni kwa kujaziwa chini yake, hatua kwa hatua, na halirudi hata mtaimbo ukiteleza. Vidole vingi vimepotea kwa kuruka hatua hii moja.

Likishatoka, wakulima wa New England walilivuta kwa sleji: mbao nene mbili au tatu zilizounganishwa, urefu wa mita moja na nusu hivi, mbele zimepinda kidogo juu ili zisichimbe, pamoja na mnyororo wa kufungia jozi ya maksai. Haina magurudumu, na huo ndio ubora wake. Mkokoteni unadai uinue jiwe hadi usawa wa kitako chake, wakati sleji imelala ardhini, jiwe unalibingirisha tu. Gurudumu nalo huzama kwenye shamba lililolimwa. Mawe makubwa zaidi yaliachwa hadi majira ya baridi, yakaburutwa juu ya theluji au ardhi iliyoganda, ambako msuguano ni mdogo. Kwetu sisi, panda la mti mgumu, lile tawi lenye umbo la Y, likitobolewa kwenye kichwa na kufungwa mnyororo hufanya kazi ileile. Ongezea vipande vya mbao juu yake na vuta wakati udongo umekauka. Kwenye tope maksai watachoka bure.

Na jiwe la tani moja na nusu huenda halifai kung'olewa kabisa. Wa zamani walikuwa na njia nyingine mbili: kulizunguka kwa plau maisha yote, au kuchimba shimo refu kando yake na kuliangusha humo. La pili linafaa pale tu sehemu yake ya juu itakapokuwa chini ya plau kwa nusu mita au zaidi. Likibaki karibu, mazao juu yake yatanyauka mapema kuliko mengine kila kiangazi.

Kulipasua

*Jirani yangu huchoma matairi juu ya mwamba halafu humwagia maji. Je, ndivyo walivyofanya zamani? (Msomaji, Machakos)*

Moto na maji ni njia ya kale sana, na ndiyo, ilitumika mashambani, kwa kuni. Uso wa jiwe unapanuka kuliko ndani, maji ya ghafla yanausinyaza, jiwe linabanduka. Lakini hulichagulii pa kupasukia. Jiwe lenye unyevu ndani, hasa la mtoni, linaweza kulipuka na kurusha vipande. Vinavyobaki huwa vimedhoofika, havifai kwa ukuta. Matairi yanaongeza moshi wenye sumu unaoingia kifuani mwa jirani yako na mwa watoto wanaobonda kokoto pembeni. Tafadhali mshaurini aache.

Njia safi ni ya kabari na mbawa zake. Toboa mashimo kwa tindo na nyundo kwa mstari mmoja, upana wa sentimita 2 hivi, kina cha sentimita 7 hadi 10, umbali wa sentimita 15 kati ya shimo na shimo. Zungusha tindo kidogo baada ya kila pigo, la sivyo itakwama. Toa vumbi lote. Katika kila shimo tia vipande viwili vya chuma vilivyopinda, ndizo mbawa, na katikati yake kabari nyembamba. Mbawa zikae pande mbili za mstari unaotaka jiwe lifuate, zilisukume kwenda kulia na kushoto. Ukiziweka kwenye mstari wenyewe, nguvu inakwenda kusiko.

Piga kabari moja pigo moja, nenda ya pili, ya tatu, mpaka mwisho, halafu rudi. Sikiliza. Sauti hupanda kila mzunguko, kutoka mgoto hadi mlio mkali. Ikishakuwa kali kwenye kabari zote, acha dakika kadhaa. Jiwe hupasuka polepole, na anayeharakisha huishia kuvunja kona tu au kupindisha kabari. Kwa msomaji wetu wa Lowell: ukiona mawe yenye alama za nusu mrija pembeni, mfano wa mianzi iliyopasuliwa kwa urefu, ni njia hii. Wakulima wa huko waliitumia sana kuanzia karne ya 19.

Ukuta wangu unabomoka

*Nimepanga mawe niliyotoa shambani kuwa ukuta bila saruji. Mwaka wa pili umetoka tumbo na kuanguka. Tatizo nini? (Mkulima, Migori)*

Migori kwenu mna Thimlich Ohinga, kuta za mawe makavu zilizosimama karne kadhaa na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018. Nenda ukazitazame kwa jicho la fundi. Zina unene wa wastani wa mita moja, na mawe yameshikana bila tope wala chokaa.

Kwa kuta zinazotoka tumbo, makosa huwa yaleyale. La kwanza ni jiwe kulazwa kwa urefu wake kufuata uso wa ukuta, ili lionekane kubwa na kazi iende haraka. Jiwe lilazwe likichoma ndani, sura fupi ndiyo ionekane nje. Hapo limeng'atwa na wenzake. La pili ni maungio kufuatana wima kama mshono wa nguo. Kila jiwe likalie mawili, na kila mawili yakaliwe na moja. La tatu, ambalo huenda ndilo lako, ni kujaza katikati kwa udongo. Ukuta mkavu ni nyuso mbili zenye mawe madogo kati yake. Mawe hayo yapangwe kwa mkono, yakazwe. Udongo unavimba ukilowa, unasukuma nyuso nje, kisha unaoshwa na kuacha tupu.

Vipimo vya ukuta wa mita 1.2: toa udongo wa juu sentimita 15 hadi 20 ufikie ardhi ngumu, anza na upana wa sentimita 70, malizia na 40, pande zote mbili zikiegemea ndani. Nusu ya kimo, kila baada ya mita moja, laza jiwe refu linalovuka ukuta mzima kutoka uso hadi uso. Juu weka mawe mazito bapa. Mawe ya duara kabisa usiyalazimishe. Yarundike, au yapasue kwanza. Hesabu unayohitaji ni karibu tani 1.2 za mawe kwa kila mita ya urefu.

Kimo hicho kina historia pia. Sheria ya Massachusetts ilitambua uzio wa futi 4, ukiwa mzima, kuwa unatosha kuzuia mifugo, na kila mji ulikuwa na wakaguzi wa uzio wa kuamua ng'ombe alipoingia kwa jirani nani alipe. Kuta nyingi hazikufika hapo. Zilijengwa hadi mapajani, kwa sababu juu ya hapo mtu hainui tena bali anapandisha, na futi zilizobaki zikamaliziwa kwa nguzo za miti.

Nani aliyafanya hayo yote?

*Mnasema "wakulima walijenga". Wakulima wangapi? Hakukuwa na vibarua? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Swali zuri, na jibu linaondoa picha ya mzee mmoja mwenye subira na mawe yake. Kuokota mawe ya masika ilikuwa kazi ya nyumba nzima, hasa watoto. Baada ya plau kupita, walipangwa mstari, wakatembea na ndoo au vikapu, wakaweka marundo madogo ambayo sleji ingeyapitia. Ardhi ilikuwa ndiyo kwanza imeyeyuka, baridi, na jiwe la baridi hukwaruza ngozi hadi vidole vikapasuka.

Kujenga kulifanywa na vibarua na mafundi pia. Rhode Island, kwenye mashamba makubwa ya mifugo ya Narragansett, walikuwemo Waafrika waliokuwa watumwa, na Wanarragansett wenyeji wa ardhi hiyo wakajulikana kwa ufundi wa kujenga kwa mawe. Majina yao hayakuandikwa kwenye kuta, na mwandishi anayesema "mkulima alijenga" bila kuwataja anawanyang'anya kazi yao mara ya pili.

Engaruka

*Mwalimu alitupeleka Engaruka. Tuliona mawe yamepangwa kila mahali. Yalikuwa ngome au makaburi? (Wanafunzi, Arusha)*

Yalikuwa mashamba. Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ni mojawapo ya mahali bora duniani pa kuona kazi ya kutoa mawe, na inasikitisha kwamba Watanzania wengi hawajapasikia.

Takriban kuanzia karne ya 15 hadi ya 18, watu waliokaa kwenye miteremko ya ukingo walilima eneo la karibu kilomita 20 za mraba kwenye nchi kavu, ambako mvua peke yake haitoshi. Walikinga maji ya Mto Engaruka na vijito vingine vinavyoshuka kutoka nyanda za juu, wakayaongoza kwa mifereji iliyojengwa pembeni kwa mawe. Punje za mtama zimepatikana kwenye uchimbaji. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika kuchunguza mwaka 1935, na baadaye wanaakiolojia wenzake John Sutton na Daryl Stump walifanya utafiti wa kina kuhusu mashamba yenyewe.

Tazameni tena mlichokiona. Mistari mifupi ya mawe ni mipaka ya vijaruba, iliyowekwa ili maji yatulie kwenye kila kipande. Marundo ni mawe yaliyokosa nafasi kwenye mipaka. Baadhi yake yamejengwa pembeni kwa ustadi, mawe makubwa nje na madogo ndani, kwa sababu rundo la kumwagwa hutambaa na kula shamba, wakati rundo lenye kingo wima huchukua mawe mengi kwenye eneo dogo. Hakuna jiwe lililobebwa mbali.

Jambo linalotuvutia zaidi ni hili: utafiti wa Stump umeonyesha kwamba sehemu ya mashamba hayo udongo wake uliletwa na maji. Mawe yalipangwa kukatiza mkondo, maji yenye tope yakapunguza mwendo, tope likatua nyuma ya mawe, na wakulima wakaongeza kimo cha mawe udongo ulivyopanda. Walikusanya mawe na kwa mawe hayo wakatengeneza udongo.

Mkiwa huko tafadhali msichukue hata jiwe moja, wala msipande juu ya kingo. Jiwe likishatoka kwenye mstari, mtafiti wa kesho hawezi kujua maji yalipita wapi.

Kwa wanaotaka kulinganisha: Konso, kusini mwa Ethiopia, ngazi za mawe zinafika hadi mita 5 kwa kimo na bado zinalimwa. UNESCO ilizitambua mwaka 2011. Na karibu na Aberdeen, Uskoti, kuna ukuta wa Kingswells wa karne ya 19, wenye upana wa karibu mita 10. Hakuna ng'ombe anayehitaji ukuta wa mita 10. Ulijengwa umeze mawe.

Niyatoe yote?

*Nina ekari moja Same, mteremko, mawe mengi. Nimeambiwa nikodi lori niyatoe yote. (Mkulima, Same)*

Usikodi kabla hujapiga hesabu. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Tuseme sentimita 20 za juu zina mawe asilimia 10 kwa ujazo. Hiyo ni mita za ujazo 81, karibu tani 214. Lori la tani 7 litakwenda safari 31. Mawe hayohayo, kwa ukuta tuliomweleza mwenzako wa Migori, yanatosha mita 178 kati ya 254 zinazozunguka ekari ya mraba. Ukipanga pembeni, hakuna jiwe linalotembea zaidi ya mita 32 hivi hadi ukingo ulio karibu nalo. Umbali ndio unaokula pesa, kuliko hata uzito.

Lakini swali la kwanza ni kama yote yanapaswa kutoka. Plinio wa Roma, karne ya 1, ameandika habari za mgeni aliyekwenda kulima Sirakusa, Sisilia. Akasafisha mawe yote, mazao yakaharibika kwa tope, mpaka akayarudisha. Sababu yake tunaijua vizuri sasa. Jiwe lililo juu ya udongo hupokea pigo la tone la mvua, huzuia ukoko usijitengeneze, na kivuli chake hupunguza maji yanayokauka. Same, penye mvua kidogo na jua kali, hilo si jambo dogo. Kwa mahindi, mtama au kunde, acha mawe yote yaliyo chini ya ngumi. Kwa karoti na viazi, yatoe, maana mzizi ukigonga jiwe hugawanyika. Yanayozidi kichwa cha mtu toa, kwa sababu hayo ndiyo yanayovunja mpini na plau. Ya katikati yatoe pale tu unapopanda, kidogokidogo kila msimu.

Uliyoyatoa yapange kukatiza mteremko. Tengeneza fremu ya A: fito mbili za mita 2 zikutane juu, miguu iachane, ufito mmoja uvuke katikati, na kamba yenye jiwe ining'inie kutoka kileleni. Simamisha, weka alama kamba inapogusa ufito wa katikati, kisha badilishana miguu mahali palepale, weka alama ya pili. Nusu ya alama hizo mbili ndipo usawa. Tembeza fremu shambani ukichomeka vigingi, ukianzia juu, kwa kuwa mstari wa chini ukitangulia utabeba maji ya shamba zima na kubomoka. Chimba mfereji wa sentimita 10 hadi 15, laza mawe makubwa upande wa bondeni, madogo upande wa mlimani yachuje tope, kimo kifike sentimita 25. Maji yapite taratibu kati ya mawe. Ukiziba kwa udongo, yatapita juu na kutoboa korongo. Huko Yatenga, Burkina Faso, mradi ulioanzishwa na shirika la misaada la Oxfam mwaka 1979 uliwafundisha wakulima kupima usawa kwa mpira mwangavu wenye maji, na mistari ya namna hii ikarudisha mazao kwenye ardhi iliyokuwa imekakamaa.

Mwisho, kwa ufupi

*Nyoka na nge je? (Msomaji, Kitui)*

Vaa buti, na usiingize mkono mahali usipopaona. Jiwe liinuliwe kwa mtaimbo au ndoano ya chuma, ukishika ukingo wa mbali na kuuvuta kuja kwako. Hapo mwanya unafunguka upande wa pili, na kilichomo kina njia ya kukimbia bila kupita miguuni mwako. Marundo ya zamani yabomolewe asubuhi kungali na baridi, nyoka wakiwa wazito, na kuanzia juu.